Paka wa Mbaga na Kesi ya Wakwe

Nyumbani kwetu Mbaga, juu kwenye milima ya Upare, televisheni haiwashwi Jumamosi mpaka jua lizame. Mama ni Msabato wa kuzaliwa. Dini hiyo ilipandishwa huku na wamisionari wa Kijerumani waliofika Mamba-Giti mwaka 1903, na Sabato yake haina mjadala. Ikishaisha, wajukuu huchomeka flashi.

Siku hizi wameshikwa na Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa Septemba 8, 1966. Huku Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo kwa Mama mambo yote yale ni mapya. Anampenda Uhura, dada mweusi mwenye kazi ya mawasiliano, tangu alipomsikia akisema Kiswahili katika sehemu ile ya kwanza kabisa. Ila ilipofika sehemu ya tribble, vidudu vya manyoya vinavyozaana mpaka vinajaa kwenye ghala la nafaka na kuimaliza, Mama alisimama. "Watu wote hao na elimu yao, hawana paka?"

Sisi tunaye. Watoto wamempa jina la Spock, yule wa Star Trek, kwa masikio yake yaliyochongoka. Mama alimchukua Same mjini baada ya panya kutoboa magunia ya mahindi, na husema naye Kiswahili tu, akiamini paka wa mjini hajui Chasu, lugha yetu Wapare. Hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Macho ya Mama yamepungua nguvu. Mjukuu mkubwa akamfundisha kubonyeza alama ya maikrofoni kwenye simu: yeye aseme, simu iandike. Jumamosi hiyo usiku alitaka kuwaarifu wakwe zetu wa Hedaru, wazazi wa mke wa mdogo wangu, kwamba kesho yake tungeshuka kuwaona. Akaanza kwa adabu zote za ukwe, akawasalimu, akawauliza hali, akasema tutakuja na ndizi na tangawizi. Papo hapo Spock akaruka mezani, mdomo kwenye perege wa kukaanga.

"Shuka hapo, mwizi mkubwa wewe! Kila siku kula vya watu tu! Leo nakuvunja miguu!"

Mjukuu mdogo ndiye aliyekuwa ameshika simu. Akatuma.

Angemkaripia kwa Chasu, simu ingeandika maneno yasiyoeleweka na wakwe wangeuliza tu kulikoni. Lakini kwa Kiswahili haikuacha neno. Na hao ndio waliopokea mahari yetu! Kuwaambia watu wa namna hiyo kwamba kila siku wanakula vya watu ni kuvunja nyumba. Jibu lilikuja kabla hatujaondoa vyombo: "Tumesoma. Wazee wanakaa kesho."

Nilitaka kupiga simu. Mama akakataa katakata. Simu ndiyo iliyoharibu, haitatengeneza. Neno la ukwe husemwa uso kwa uso. Alfajiri tukapanda basi, tukashuka kwa njia ya Mwembe hadi Same, tukachukua jingine la barabara kuu kupita Makanya. Mama alikuwa amepakata kapu lililofungwa kitenge. Ndani yake alikuwemo Spock.

Hedaru tulikuta viti vimepangwa na wazee kimya. Hakuna aliyetukaribisha maji. Mzee wa ukoo akasoma ujumbe wote kwa sauti, neno kwa neno, kisha akauliza, "Mwizi ni nani?" Mama akafungua kitenge. Paka akatoka, akanusa upepo, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria ya dagaa. Mama akamkaripia kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Baba mkwe akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na chai ikaletwa.

Kwenye Star Trek kompyuta ya chombo cha anga husikia, kisha hujibu kwa sauti, na kila aliyepo anajua imesikia nini. Simu ya Mama ilisikia yote ikanyamaza, mbele ya mtu asiyeweza kuona herufi zake. Wazee wa namna yake wamejaa milimani huku, na wao ndio wenye wakwe wengi wa kusalimia. Ndugu zetu mnaotengeneza programu za simu, iwekeni isome ujumbe kwa sauti kabla haijatuma. Na wewe kijana unayemshikia mzee simu, msomee kwanza.