Wakulima Waliohama Bila Kufunga Mizigo

Enumu ni orodha ya majina ambayo kila moja hubeba namba. Lugha ya programu ya Java, iliyoingiza enumu mwaka 2004, huhesabu nafasi kuanzia 0 kwa kufuata mpangilio wa kuandikwa tu. Barua tatu kutoka Ufipa zinatokana na hizo namba.

Msomaji wa Sumbawanga anashuku mkono wa mtu. Mfumo wake wa Java wa kusajili wakulima ulianza kabla ya 2012, ukiwa na wilaya za Rukwa kwa alfabeti: Mpanda, Nkasi, Sumbawanga. Mwaka huo Mpanda ikaenda mkoa mpya wa Katavi, naye akaifuta kwenye orodha. Asubuhi yake wakulima wa Nkasi wakasomeka wa Sumbawanga. Hakuna aliyeroga: hifadhidata ilitunza nafasi, si jina. Nkasi ilitunzwa kama 1, na baada ya Mpanda kuondoka, 1 ikawa Sumbawanga. Kisha akaongeza wilaya mpya ya Kalambo mwishoni, ikashika 2, namba ya zamani ya Sumbawanga. Kwa kuwa Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga, baadhi ya rekodi zilikuwa sahihi kwa bahati, na kosa la namna hiyo huchelewa kugunduliwa kuliko kosa la wazi. Dawa ni kuhifadhi jina, au kuipa kila wilaya namba yake ya kudumu na kutoirithisha hata wilaya ikiondoka. JPA, inayounganisha Java na hifadhidata, huhifadhi nafasi isipoelekezwa vinginevyo. Chaguo la ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Msomaji wa Namanyere anatumia C#. Kila gunia ambalo karani hakulijazia zao huandikwa mahindi. Katika C#, enumu isiyojazwa huwa 0, na mahindi ndiyo ya kwanza kwenye orodha yake. Ufipa, ghala likijaa mahindi hakuna anayeshtuka. Nafasi ya 0 ipewe "Haijajazwa". Akague pia namba zinazotoka nje: C# hukubali 47 igeuzwe kuwa zao hata kama orodha ina mazao matano.

Wa Matai ameipa ulezi 3 na alizeti 3 katika Python, sasa alizeti haionekani orodha inapopitiwa. Python huchukulia jina la pili lenye thamani ileile kuwa lakabu ya la kwanza, na lakabu hairudiwi. Akiweka alama ya unique juu ya enumu, programu itagoma mapema na kumtajia majina yanayogongana.