Faili Ipo, Ila Haipo

Kompyuta za siku hizi zimejifunza uungwana wa kupita kiasi: hazisemi "sina". Ukifungua folda iliyounganishwa na hifadhi ya wingu, faili zote zimejipanga, kila moja na jina lake, tarehe yake, pengine hata picha yake ndogo. Mpiga muziki wa harusi anaziona hivyo nyumbani kwenye Wi-Fi, anafunga kompyuta kwa amani, anakwenda zake ukumbini. Bibi harusi akiwa mlangoni, wimbo unabofywa, na hapo ndipo kompyuta inakumbuka kuutaja ukweli kwamba wimbo uko ng'ambo. Vigelegele vya akina mama vitaziba pengo kwa dakika moja, mbili zikizidi sana. Lawama yote atabebeshwa mpiga muziki, nami naona anaonewa. Kosa ni la mashine inayoonyesha kitu ambacho haina.

Microsoft iliuleta utaratibu huu kwenye Windows 10 mwaka 2017 kupitia OneDrive; Dropbox, Google na Apple nao wana wao. Kinachobaki kwenye diski ni jina na maelezo tu, kama duka lililopanga maboksi matupu rafuni huku bidhaa ziko kwa muuzaji wa jumla. Ushahidi haujafichwa mbali. Tazama sifa za faili ya namna hiyo kwenye Windows: ukubwa utaambiwa ni gigabaiti mbili, na nafasi inayochukua kwenye diski ni baiti sifuri. Mstari wa pili ndio unaosema kweli, na ndio ambao hakuna anayeusoma.

Watetezi watasema utaratibu huu unaokoa nafasi. Ni kweli, na mwenye diski ya gigabaiti 128 ana haki ya kushukuru. Watasema pia kwamba programu ikiitaka faili, faili hupakuliwa yenyewe. Kwa barua ya kurasa mbili, sawa. Lakini programu ya kuhariri video huzitaka klipu nyingi kwa pamoja na haina subira ya mkwe. Programu ya kutunza nakala rudufu ina shida yake: ama inaziruka faili hizo kimyakimya, ama inazivuta zote mpaka bando liishe na diski ijae, yaani nafasi ile ile tuliyoambiwa tunaiokoa. Hati za Google ndizo kiboko: faili ya gdoc unayoibeba kwenye flashi kwenda steshenari ina anwani ya hati tu ndani yake. Kijana wa steshenari hana cha kuchapa.

Simu nazo zina ujanja wao. Ukiiruhusu faili itumike nje ya mtandao ndani ya programu ya Drive kwenye Android, inashuka kweli, ila inafungiwa chumbani mwa programu hiyo hiyo. Kicheza muziki chako kitaitafuta simu nzima kisiione. Ukitaka programu nyingine iikute, ipakue kabisa iingie kwenye folda ya vipakuliwa.

Wapo wanaoamini kwamba intaneti sasa iko kila mahali, kwa hiyo huu ni woga wa wazee. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania na Kenya zikabaki na mtandao wa kusuasua. Wingu letu, kumbe, hupita chini ya bahari.

Usidanganyike na alama. Kwenye OneDrive, tiki ya kijani ndani ya duara jeupe maana yake faili ipo kwa sasa. Windows yaweza kuiondoa baadaye ikitafuta nafasi. Duara lililojaa kijani ndilo la kutegemea, na hulipati mpaka ubofye kitufe cha kulia cha kipanya na kuagiza faili ibaki daima kwenye kifaa hicho. Basi usiku wa kuamkia shughuli toa agizo hilo, subiri faili zishuke zote, zima Wi-Fi, kisha fungua kila moja kwa programu ile ile itakayoitumia kesho. Ikigoma, bado uko nyumbani na Wi-Fi unaweza kuiwasha tena.