Sifa za Bwana Mchelewo, Mbeba Lawama wa Studio

Wengine wamsifu mpiga solo, wengine wamsifu fundi wa sauti. Mimi namsifu Bwana Mchelewo, yule anayekaa kati ya mdomo wa mwimbaji na sikio lake pale anapoimba juu ya treki zilizokwisha kurekodiwa kwenye laptopu. Hana mtetezi. Hapa Bagira, mjini Bukavu, ambako studio ni chumba chenye blanketi ukutani na godoro dirishani, jina lake hutajwa kwa matusi tu. Na mle ndani hakuna anayefanya kazi kumzidi.

Asidhani mtu kuwa ni mtoto wa juzi aliyeletwa na laptopu za mitumba. Ana ukoo. Mashine za utepe za miaka ya 1950 zilikuwa na kichwa kimoja cha kurekodi na kingine cha kusomea, na utepe ulipita kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde. Vichwa vikiachana sentimita 4, anayeimba sasa akisikiliza kilichorekodiwa jana anabaki nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kampuni ya Ampex ya Marekani ikalazimika kubuni njia ya kukifanya kichwa cha kurekodi chenyewe kizisome treki za zamani, na mwaka 1957 mpiga gitaa Les Paul akakabidhiwa mashine ya treki nane ya namna hiyo. Kuwakeshesha wahandisi wa Ampex si heshima ndogo.

Wanazuoni nao hawakumdharau. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba mtu akirudishiwa sauti yake masikioni kwa kuchelewa kama sehemu moja ya tano ya sekunde, ulimi unamshinda na anaanza kugugumia. Wajapani wawili, Kazutaka Kurihara na Koji Tsukada, walitumia elimu hiyo kutengeneza chombo cha kumnyamazisha msemaji asiyejua kukoma, na mwaka 2012 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Chombo hicho hakijaonekana Bagira. Kingefika, harusi zetu zingeisha jua lingali juu.

Tumtazame basi akiwa kazini. Laptopu haipitishi sauti papo hapo. Inaikata vipande 44,100 kila sekunde, inavikusanya kwenye bafa, na bafa likijaa ndipo inavishughulikia. Bafa la vipande 1,024 ni milisekunde 23 za kuingia na nyingine 23 za kutoka, kabla draiva na plagini hazijadai ushuru wao. Hewani sauti huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde hizo 46 ni sawa na kumsimamisha mwimbaji mlangoni mwa kanisa huku ngoma inapigwa altareni. Dada wa alto anavua upande mmoja wa hedifoni, anafumba macho, anaanza tena ubeti, anasimama. “Yaya,” anamwambia fundi, “hii mashine inanirudisha nyuma.”

Na ni kweli, inamrudisha. Lakini sikilizeni mengine anayotwishwa Bwana Mchelewo jioni hiyohiyo. Gitaa halikutuniwa: ni mchelewo. Mwimbaji wa tenori hakufanya mazoezi tangu Jumapili: mchelewo. Mpiga besi ametoka kwenye mkesha Kasha na anasinzia kati ya noti mbili: mchelewo. Hajibu hata neno. Ni nani mwingine katika muziki wa mji huu anayebeba makosa ya wenzake na hadai malipo, wala jina lake kwenye jalada?

Maadui wake ni wengi, na sina budi kuwataja, maana ukubwa wa mtu hupimwa pia kwa wanaomwinda. Yupo ASIO, njia iliyobuniwa na Steinberg ya Ujerumani ili sauti isizunguke kwenye foleni za Windows. Kipo kitufe kwenye kadi ya sauti ya nje, kinachomrudishia mwimbaji sauti yake kabla haijaingia laptopu. Huyu ndiye adui mkali kuliko wote, na ni wa bei nafuu. Lipo bafa la 128, ambalo ni milisekunde 3 kila upande. Hapo laptopu yenye treki ishirini za korali, kila moja na mwangwi wake, inaanza kutatarika na kukatakata sauti, na fundi anajifunza kugandisha treki na kuzima mwangwi mpaka wakati wa kuchanganya, ambapo bafa linarudishwa 1,024 bila mtu kuumia. Wasiojua huliweka bafa mahali pamoja mwaka mzima, kisha wanamtukana Bwana Mchelewo.

Marafiki anao pia. Hedifoni za bluututhi humwongezea nguvu hata bafa liwe dogo namna gani. Umeme humsaidia: Bukavu imepata umeme wa Ruzizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini hadi leo umeme huo una saa zake, na laptopu ikibaki kwa betri hupunguza mwendo ili ikawie kuzimika. Wabelgiji nao waliondoka mwaka 1960. Programu yao ya muziki, FL Studio, ikarudi bila viza, ndani ya flashi ya mtu, ikiwa na plagini ambazo hata aliyezileta hajui kazi yake.

Heshima ya mwisho ni kumpima. Hedifoni moja inabanwa kwenye mikro, metronomu inapigwa, inarekodiwa, kisha mistari miwili inavutwa karibu kwenye skrini mpaka pengo lionekane. Namba hiyo unaiandikia programu, nayo inazisogeza treki mpya mahali pake. Programu ya Audacity kwa miaka mingi ilikuja ikiwa imekwisha kupangiwa kuzirudisha milisekunde 130, kabla haijaiona laptopu yako wala wewe, kama serikali inayotoza kodi kwa kukisia.

Kazi ikishafanyika hivyo, bafa 128, kitufe kimewashwa, pengo limesahihishwa, yule wa gitaa anapiga kipande chake cha sebene. Tunasikiliza. Yuko nyuma. Anaomba arudie, yuko nyuma palepale, safari hii kwa usafi mkubwa. Anaitazama waya, anaigusa, anamtazama fundi.

“Yaya,” anasema, “hii bafa, huwezi kuirudisha kule juu ilikokuwa?”