Baiskeli Iliyokunywa Chai Yangu

Shemeji yangu anaishi Duluth, Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kando ya Ziwa Superior. Kwao ni Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, na tangu ahamie huko anadai theluji ni mali ya ukoo. "Sisi tumezaliwa tukiiona kileleni," husema. Kuiona, sawa. Kuigusa, naamini alianzia nje ya uwanja wa ndege, kama mimi wa Tanga.

Ndiye aliyenitoa kitandani Jumamosi moja ya Januari, nyuzi 20 chini ya sifuri, eti tukaendeshe baiskeli msituni.

Baiskeli yenyewe kituko. Phoenix ya marehemu babu ilikuwa na tairi la inchi moja na nusu na ikabeba magunia ya nazi. Tairi la hii ni inchi 4, mengine hufika 5, na haibebi hata kuku. Mambo haya yalipamba moto Alaska, ambako tangu 1987 watu wanashindana kwa baiskeli kwenye njia za theluji. Rimu nyembamba zilipozidi kuzama, mafundi wakaunganisha mbili kuwa moja. Mwaka 2005 kampuni ya Surly, ya huko huko Minnesota, ikatoa Pugsley, na wazimu huo ukaingia madukani. Leo unalipa bei ya pikipiki ili upitwe na watembea kwa miguu.

Halafu upepo. Fundi wa kwetu akishajaza tairi hulipiga konzi, na lisipolia kama ngoma hakukabidhi baiskeli. Shemeji alipofika mwanzo wa njia akaanza kuutoa. Gari dogo hutaka kama psi 30. Hapa ni 5, au hata chini yake, tairi litepete lilale juu ya theluji.

"Shem, mbona unatupatia pancha kabla ya safari?"

Akacheka, akanipa sheria ya njia: tairi likiacha mfereji, theluji ni laini mno, geuza urudi, usiwaharibie wenzio. Niliutafuta mfereji huo kwa bidii na matumaini makubwa. Haukuwapo.

Watu hukutishia baridi, hawakwambii habari za joto. Kilima cha kwanza tu nilikuwa nimelowa chepechepe ndani ya makoti, na jasho huko ndilo adui: ukisimama kidogo, mgongo wote unakuwa barafu. Inabidi uende taratibu usitoke jasho, lakini usisimame ukaganda. Shemeji naye kila baada ya miti michache anasimama kunionyesha nyayo za sungura. Sungura! Nikamwambia kwetu tunao, twende. Mrija wa maji ulikuwa umeshaziba kwa barafu, na simu, niliyotoka nayo ikiwa na chaji ya kutosha, ilizimika nilipoitoa nimpige picha huyo sungura asiyekuwapo.

Katikati ya msitu nikasikia shemeji akiguna. Miguu inazungusha pedali, mnyororo unakwenda, gurudumu la nyuma limenuna. Friwili ilikuwa imeganda, vile vijino vya ndani haviumi tena. Akainama, akakitazama kitovu cha gurudumu, kisha akaitazama chupa yangu ya chai.

"Shem, hiyo bado ya moto?"

Dada yangu aliipika alfajiri: maziwa, tangawizi, iliki, sukari ya kitanga hasa. Niliikumbatia. Haikusaidia. Aliimimina yote, polepole, kwa heshima ambayo hajawahi kumpa mgeni, mpaka friwili ikalia ta-ta-ta. Akaruka juu ya baiskeli na kutokomea, maana akisimama inaganda tena. Nikamfuata kwa harufu ya iliki.

Jioni, jirani yao mmoja alituambia wenyeji hawapotezi chai. Wakikwama hivyo, hukojolea friwili. Nikamgeukia shemeji: kwa nini hakuanza na hiyo?

"Na baridi ile?" akajibu.

Wiki iliyofuata fundi alifungua kile kitovu, akakuta maziwa na sukari vimegandamana humo ndani, akamtoza pesa nzuri. Shemeji ananidai nusu, kwa hoja kwamba chai ilikuwa yangu. Ewe msomaji, ukipita Duluth ukamkuta, mfikishie salamu zangu na umwambie silipi.