Sifa za Mchwa Asiyeacha Udongo

Wapitao Ruaha Mbuyuni kwa basi huona vitunguu vimening'inizwa kwenye nyavu kando ya barabara ya Tanzam, hupatana bei dirishani, kisha huondoka kwenda kupanda Kitonga. Hawaoni kilicho nyuma ya kitunguu: banio kule mtoni, mfereji mkuu, mifereji midogo, na nyuma ya yote hayo lahajedwali ya kikundi cha wamwagiliaji. Mimi, kwa kosa la kumiliki laptopu, ndiye niliyekabidhiwa kuitunza tangu 2018. Leo sina lalamiko. Nimekuja kumsifu aliyeipunguza.

Zamani kazi ya kusahau ilikuwa ya mchwa. Alikuwa mtumishi mwaminifu, ila mzito. Jalada moja la mradi alilila masika nzima, akianzia pembeni na kuacha katikati, pale pale penye sahihi. Siri hakuwa nayo: ukifungua kabati unakuta vijia vya udongo, na kila mtu anajua nani kala. Tena hakuwahi kuisoma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, ambayo hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza majalada yake bila kibali. Kikundi chetu, namshukuru Mungu, si ofisi ya umma.

Mchwa mpya anakaa pembeni mwa lahajedwali, kwenye kidirisha chembamba, na anaitwa msaidizi wa akili unde. Huyu ana adabu. Mwenyekiti alipopata habari kwamba mgeni wa wafadhili anakuja, aliketi karibu yangu, akatazama orodha ya kazi za mradi ikishuka kama mteremko wa mlima, akaguna.

"Katibu, orodha hii inatisha. Mgeni akiiona atadhani hatufanyi kitu."

"Nyingi ni za zamani, mzee."

"Basi ondoa za zamani."

Nikaandika kwa Kiswahili changu cha kawaida: futa kumbukumbu zote za kabla ya mwaka 2022. Msaidizi akajibu kwamba amepata mistari 312, je, aendelee? Miaka yote ile mchwa hajaniuliza hata mara moja. Nikaona haya kumkatalia mtu mstaarabu kiasi hicho. Nikabofya ndiyo.

Hapa ndipo pa kusifia, na naahidi sijazi lumbesa. Ukichana ukurasa wa daftari, kipande hubaki kwenye pini. Ukifuta kwa raba, karatasi inachubuka. Lakini mstari wa lahajedwali ukifutwa, wa chini yake unapanda na kuchukua namba yake. Wa 14 anakuwa wa 9, wala haulizi wa 9 wa jana kaenda wapi. Ni kaburi lisilo na tuta. Sekunde nne, na orodha iliyokuwa ndefu kama foleni ya malori ikaingia yote kwenye kioo kimoja.

Ndipo nikagundua kipaji chake kikubwa zaidi. Nilimpa safu ya tarehe ya kukamilika ndiyo aipime. Sasa kazi ambayo haijakamilika haina tarehe. Kisanduku chake ni kitupu. Na kwa hesabu za mashine kisanduku kitupu ni sifuri, na katika programu tunayotumia siku ya sifuri ni tarehe 30 Desemba 1899. Kwa hiyo lango la maji la mfereji wa tatu, lililong'olewa na mafuriko ya juzijuzi, lilihesabiwa kuwa linangoja fundi tangu mwaka mmoja na ushee baada ya Mkwawa kujipiga risasi. Wakulima wa mkiani, ambako maji hufika yakiwa yamechoka, walipolisikia hili walisema mashine haikukosea sana.

Basi kila kilichoshindikana kikaondoka, kilichofanikiwa kikabaki. Palizi ya mfereji, imekamilika. Mafunzo ya mbolea, yamekamilika. Niambie ni mkandarasi gani amewahi kumaliza kazi zake zote asubuhi moja, bila mchanga wala maji. Walioahidi kuleta nguvu kazi wasilete wakawa watu safi. Ukaondoka pia mstari mmoja niliouandika kwa mkono wangu: saruji mifuko 6, imeazimwa na m/kiti, itarudishwa. Tarehe ya kurudishwa ilikuwa tupu.

Tusijidhani tumeanza sisi. Oktoba 2020 Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu za taifa, kwa sababu taarifa zao zilipitishwa kwenye faili la muundo wa kizamani ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilimwagika kimyakimya, kama maji yanavyopita juu ya kingo. Wao lakini hawakuulizwa kama waendelee. Sisi tuliulizwa, jambo linaloonyesha tumewatangulia.

Nilimweleza mwenyekiti ukweli wote. Nikamwambia pia kwamba hakuna kilichopotea: programu inatunza matoleo ya nyuma, nikibofya mara mbili yote yanarudi, kuanzia lango hadi ile saruji. Mzee akanyamaza. Akatazama nje, ambako vitunguu vyake vilikuwa vimetandazwa kivulini mwa mbuyu.

"Mwanangu," akasema, "mgeni aje kwanza."

Mgeni alikuja, akageuziwa laptopu, akapitisha kidole kwenye neno "imekamilika" toka juu hadi chini, akaipiga picha kwa simu yake. Akaomba aonyeshwe kazi moja aliyoichagua mwenyewe katika orodha. Tukampeleka kwenye mfereji wa kwanza, maji yakipita vizuri kabisa. Mfereji wa tatu hakuuliza. Haukuwemo.