Kugawa kwa Nusu Kumenimalizia Mega

Jirani, ukiitwa kwenye mkutano wa wazazi, kaa na mikono mfukoni. Mimi niliinua wangu. Nilitaka tu kuuliza mkutano unaisha saa ngapi, maana soda tuliyoahidiwa haionekani na jua la Nyamianda, hapa Uvira, lilishaingia chini ya mabati. Sekretere wa komite akaniona. Akaandika. Kumbe lililokuwa mezani ni hili: nani ana simu kubwa, awatengenezee watoto wa primeri ya sita somo la hesabu la kwenye intaneti? Makofi. Mama mmoja nyuma akapiga vigelegele. Soda haikuja.

Somo lenyewe ni kugawanya fraksioni kwa fraksioni. Tena multimedia. Picha, sauti, maandishi, vifungo vya kubonyeza, vyote humohumo. Nikauliza kwa nini tusianze na kujumlisha, watu wapate moyo. Wakasema kujumlisha wanakujua. Mtihani wa taifa wa kumaliza primeri uko njiani, ule TENAFEP ambao sasa unaitwa ENAFEP, na watoto wetu wanakwama hapohapo kwenye kugawanya.

Halafu wakanikumbusha 2020. Nani amesahau? Mwezi wa tatu korona ikafunga shule. Mwezi wa nne mto Mulongwe ukashuka na mawe, ukabeba nyumba za watu. Watoto walikuwa wanasomea redioni, Radio Okapi, daftari magotini. Komite inasema redio ilisaidia lakini fraksioni haionekani redioni. Kweli. Mimi hata ubaoni sikuwahi kuiona, na nilikaa benchi la mbele.

Sheria ninaijua, usinidharau. Tuliimbishwa kwa Kifaransa, fimbo ikipiga mdundo: fraksioni ya pili unaigeuza kichwa chini, halafu unazidisha. Kwa nini unageuza? Hatukuuliza. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kuulizwa na mimi sikuwa mtu wa kuuliza. Tumekua hivyo, tumeoa, tumepanga nyumba. Na ukitaka kulaumu, anzia mbali. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba kule Ishango, kando ya ziwa Edward, akapata mfupa wenye mikato iliyopangwa mafungu mafungu. Una miaka kama 20,000, na wako wataalamu wanaosema ni watu walikuwa wanahesabu. Mfupa uko Bruxelles. Wazungu walichukua mfupa, wakatuachia sheria ya kugeuza.

Basi nikatengeneza video. Nusu inatokea upande wa kulia, inasita, inapiga sarakasi, mbili inakuwa juu na moja chini. Nyuma nikaweka seben. Gitaa linalia, namba zinaruka. Nilikesha nayo, umeme unakuja na kuondoka, simu inachemka hadi naishika kwa kitenge. Asubuhi nikamwonyesha binti yangu. Huyu amekulia kwenye katuni za Ubongo Kids, wale wa Dar es Salaam walioanza mwaka 2014 kufundisha hesabu kwa nyimbo na wanyama. Akaangalia. Akainamisha kichwa. Akainamisha upande wa pili.

“Papa, hii iko ngedere?”

Ilikuwa mstari wa fraksioni. Niliuchora kwa kidole.

Nikairusha kwenye kikundi cha wazazi. Dakika tatu, mega 90. Hapo ndipo nilipojua majirani zangu. Papa mmoja akaandika kwamba video imekula mega zake za wiki na bado inazunguka kaduara tu. Mwingine akauliza kama kuna fomu ya kurudishiwa franga. Mama mmoja akasema kwake iliingia vizuri, alidhani ni tangazo la harusi, akacheza.

Baada ya siku chache mwalimu wa ya sita akanijia nyumbani na rundo la daftari. Hakukaa. Swali: 3/4 kugawa kwa 1/2. Jibu ni 1½. Watoto wangu wa video wamegeuza. Wako waliogeuza zote mbili, wakapata 8/3. Wako waliogeuza ya kwanza tu, wakapata 2/3. Mmoja aligeuza daftari.

“Lakini kugeuza wameelewa,” nikasema.

Mwalimu akaniangalia kwa muda. Akaniuliza kama nina mtoto mwingine anayeingia ya sita mwaka ujao. Nikasema ninaye. Akatikisa kichwa, akaenda.

Sasa nina mpwa, anasomea ualimu Bukavu. Amekuja likizo. Likizo yake haina mwisho na sahani yake haina mwisho. Akaomba kuona video. Akaniambia, “Mjomba, hiyo seben inaua somo.” Eti yuko profesa wa Marekani, Richard Mayer, ana kitabu cha mwaka 2001 juu ya haya mambo. Eti muziki na mapambo yasiyohusu yanampunguzia mtoto kuelewa. Eti ukiweka picha na sauti, halafu ukaandika tena maneno yaleyale ya sauti pale kwenye kioo, jicho halijui likae wapi. Seben inapunguza kuelewa? Huyo profesa hajafika Uvira. Lakini mpwa alishaifuta. Na sarakasi ya nusu akaifuta. Ikabaki kioo cheupe na kidole changu kinachopita.

“Tunga kahadithi, Mjomba. Kitu na nusu yake. 1¾ kugawa kwa 1/2.”

Rahisi. Lita moja na robo tatu ya mawese, wagawie watu wawili sawasawa.

Mpwa akacheka mpaka akatemea chai yangu. Eti hiyo nimegawa kwa mbili. Kugawa kwa mbili unapata 7/8, na swali limesema kwa nusu. Nusu siyo watu wawili. Nikamwuliza, kwa hiyo ni nusu mtu? Maana Nyamianda nusu mtu sijampata, ingawa yeye mwenyewe wakati wa kuosha vyombo anakaribia.

Akanitolea habari iliyonifurahisha mwezi mzima. Hesabu hiihii, 1¾ kwa 1/2, ndiyo mama mmoja mtaalamu, Liping Ma, aliyoitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1999. Kinalinganisha walimu wa primeri wa Marekani na wa China. Wamarekani 21 walijaribu kuipiga, 9 tu wakafika kwenye jibu. Wachina 72, wote 72. Walipoambiwa watunge hadithi, Wamarekani ndipo walipoumbuka: wengi waligawia watu wawili. Kama mimi! Nikamwita mama watoto. Nikamwambia mumeo yuko kiwango cha Marekani. Akauliza kama na mshahara uko njiani.

Mpwa anasema swali lisome hivi: nusu inaingia mara ngapi? Una mawese lita 1¾, chupa zako ni za nusu lita, utajaza chupa ngapi? Sawa. Nikachukua simu, nikashuka sokoni Mulongwe kupiga picha za mawese ya Fizi. Nikainua simu tu, mama wa mawese akafunika kopo lake kwa kitenge.

“Uko wa Leta, wa serikali?”

Nikasema hapana mama, mimi ni wa fraksioni. Ikawa mbaya zaidi. Wenzake wakaanza kufunika vyao. Kijana wa mkokoteni akasema hiyo ni kodi mpya, aliisikia. Ili niaminike ikabidi ninunue. Nikanunua lita mbili. Akapima kwa kopo lake, lile lililogongwa nyundo chini mpaka kitako kimeingia ndani. Nikaliona. Nikamwambia mama, hilo kopo limebonyea. Akasema, “Papa, nunua ao acha.” Nikanunua. Nyumbani nikapima kwa chupa za maji za nusu lita. Lita zake mbili zilikuwa lita moja na robo tatu kamili. Mfano wa Liping Ma nimeulipia bei ya lita mbili.

Tukapanga chupa mezani. Ya kwanza ikajaa. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikafika katikati, bidoni likakauka. Nikamwambia binti aseme jibu. Akawaza. Akasema chupa tatu na robo. Kwa nini robo? Kwa sababu kilichobaki ni robo lita, hesabu mwenyewe Papa, chupa tatu ni lita moja na nusu, ukitoa kwenye lita moja na robo tatu inabaki robo. Nikahesabu. Inabaki robo. Nikapiga kwa sheria: 7/4 mara 2, 14/4, tatu na nusu. Nikapiga kwa simu. Tatu na nusu. Mezani robo, kwenye simu nusu. Nikasema simu imeharibiwa na umeme wa kuruka.

Mpwa akatafuna kwanza, akameza, akasema: “Ile chupa ya nne imejaa kiasi gani?”

Binti akaiinua kwenye mwanga. “Nusu.”

“Ni robo ya lita, lakini ni nusu ya chupa. Swali liliuliza lita au chupa?”

Binti akapiga kelele kama ameona nyoka. Akakimbia kumwita mdogo wake. Mimi nikasema nilikuwa nawapima.

Mpwa hakuachia hapo. Akauliza, lita moja inajaza chupa ngapi za nusu? Mbili. Basi lita 1¾ inajaza 1¾ mara mbili. Ile mbili tunayoigeuza ikaenda juu ni zile chupa mbili za kila lita, hazijatoka kwa mchawi. Nilikaa kimya. Benchi la mbele, miaka yote ile, fimbo zote zile, na hakuna aliyeniambia kwamba zilikuwa chupa. Akaendelea: kama chupa ni ya 2/3 ya lita, lita moja inajaza chupa moja na nusu, yaani 3/2, na ndiyo 2/3 iliyogeuzwa. Hapo nikaenda kuangalia kama nimefunga mlango wa nyuma.

Niliporudi tukapanga somo upya. Video hakuna. Picha nne za kusimama, sauti ya binti anaeleza taratibu, maandishi ni namba tu. Mpwa ana programu ya bure inaitwa H5P, imetoka Norway, inatengeneza vile vifungo. Swali moja, majibu matatu. Ukibonyeza 3½ unasikia binti anashangilia. Ukibonyeza 3¼ inakuja picha ya chupa ya nne peke yake, unaulizwa imejaa kiasi gani. Ukibonyeza 7/8 sauti inakwambia: umegawia watu wawili, rudi. Mpwa anasema jibu la kukosea lazima litoke kwa mtu aliyekosea kweli, ndiyo siri ya swali zuri, usiokote tu namba. Kile kifungo cha 7/8, ukifungua faili utaona amekipa jina. Amekiita “mjomba”.

Kupiga picha nako kulikuwa na yake. Tatu za kwanza zilitoka safi. Nikaenda kutafuta mwanga kwa ajili ya nne. Niliporudi mama watoto alishaimimina kwenye sombe. Nikalalamika: hiyo ilikuwa nusu ya chupa, ndiyo somo lenyewe! Akaniambia sombe haingoji intaneti. Kwa hiyo mkifungua picha ya nne mkaona mawese yamepauka, msiandike kwenye kikundi. Ni chai.

Ikabaki kuiweka mtandaoni. Hapo mpwa akaniletea Kolibri, ya watu wa Learning Equality. Inakaa ndani ya kompyuta ndogo hapo shuleni, watoto wanaizunguka na simu au tableti, wanasoma kwa waifai bila mega hata moja. Somo la intaneti lisilo na intaneti. Kama mabomba yetu, nikasema, nimeyazoea. Nikapeleka wazo kwenye komite. Wakalipenda. Wakauliza nani ana kompyuta ndogo. Mikono yangu ilikuwa mfukoni, jirani, miwili yote. Kwa hiyo kompyuta haijapatikana.

Wakati tunangoja, somo lipo kwenye simu yangu. Lote, picha, sauti na vifungo, halifiki mega tatu. Anayelitaka apite jioni pale butike ya kona, nitamtumia kwa Bluetooth, silipishi. Aje na simu yake imejaa chaji, yangu ina ufa na betri ya kusukuma. Mwenye swali la 2/3 asiniulize mimi. Mpwa yuko nyumbani. Anakula.