Mirathi ya Kontrola ya Tanga

Miongoni mwa watu ambao dunia ya simu huwakumbuka kwa taadhima yumo Almon Strowger, ambaye hakuwa mhandisi wala mwanazuoni wa umeme, bali alikuwa mtu wa mji wa Kansas City, Marekani, aliyeshika kazi ya kuzika watu kwa malipo. Husimuliwa kwamba alimshuku mwanamke aliyekaa kwenye ubao wa kuunganishia simu mjini pale, ambaye yasemwa alikuwa mke wa mshindani wake katika biashara hiyo hiyo ya majeneza, kuwa kila wafiwa walipoomba waunganishwe na Strowger aliwaunganisha na mumewe. Naye Strowger, badala ya kwenda kugombana, alikaa akabuni mtambo wa kuunganisha simu pasipo mkono wa binadamu, akapewa hataza yake mwaka 1891, na mwaka uliofuata watu wa La Porte, Indiana, wakafunguliwa simu za namna hiyo. Nalitanguliza jambo hili ili msomaji asinidhanie kuwa nafanya kufuru nitakapoyaeleza yaliyotufika ofisini kwetu kwa lugha ya msiba na mirathi, kwani mitambo ya simu ina nasaba na makaburi tangu asili yake.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, makao yake Mombasa, na kwa miaka mingi ilikuwa na matawi mawili, moja Dar es Salaam na moja Tanga. Kila mahali palikuwa na kontrola, yaani sanduku la chuma lenye feni na taa za kijani, ambalo kazi yake ni kujua nambari ipi ni ya nani, simu ipi ipite njia ipi, na nani apokee ikiwa mwenyewe hayupo mezani. Masanduku hayo matatu yaliunganishwa kwa mtandao yakawa ukoo mmoja, hata karani wa Mombasa alipomtaka mwenzake wa Tanga alibonyeza tarakimu nne tu, asihitaji kutanguliza ile 007 ambayo Mkenya huitumia ampigiapo Mtanzania, na ambayo wageni wakiambiwa hudhani wanafanyiwa mzaha wa sinema. Kisha biashara ya Tanga ikapungua, tawi likafungwa, watumishi wake wakahamishiwa Dar es Salaam, na mimi niliye afisa utawala nikaletewa barua fupi iliyoagiza kwamba kontrola ya Tanga, ambayo sasa imestaafu, iondolewe katika mfumo.

Kabla sijamwita fundi, meneja wetu, mtu mwema asiyependa jambo likae juma zima bila kukatwa shauri, alikwisha kumpigia dereva aliyekuwa Tanga akihamisha viti, akamwamuru ang'oe waya wa umeme, alitie sanduku lile katika gunia, na alilete Mombasa pamoja na mapazia. Dereva alitii. Jioni ile meneja alipita mezani kwangu akanipa habari kwa furaha kwamba kadhia imekwisha, wala haikugharimu kitu ila gunia.

Fundi alipofika, naye ni binti wa Kisauni mwenye adabu nyingi na subira kubwa kuliko umri wake, aliniamkia, akalitazama gunia, akauliza, "Mzee wangu, mlipoizima hii, wenziwe mliwaambia?" Nilimjibu kuwa sikujua kama wenziwe huambiwa. Akanieleza kwa upole kwamba kontrola iliyo katika ukoo haifi kwa kuzimwa, kwani habari zake zimeandikwa katika daftari za kila mwenziwe: nambari zake, njia zake, na zamu zake za kumwakilisha mwingine, nao wenziwe, wasipopata jibu lake, hawadhani kuwa imefariki, bali hudhani kuwa imechelewa, hivyo huendelea kuibishia hodi usiku na mchana. Kila jina la karani mpya lililoandikwa Mombasa lilipaswa kunakiliwa katika madaftari yote matatu, na kwa kuwa Tanga haikujibu, nakala yake iliwekwa kando ili ijaribiwe tena baadaye. Fundi alinifungulia orodha ya nakala zilizokwama. Alipita kurasa baada ya kurasa, mimi nikitazama kwa haya, kama kwamba ni barua zangu zilizorudishwa na posta.

Hapo ndipo vituko ambavyo ofisi nzima ilikuwa ikivisingizia hewa, bahari na majini vilipopata maelezo yake. Kituko cha kwanza kilikuwa cha muziki. Ule muziki wa kumliwaza mpigaji simu anayesubirishwa ulikuwa umehifadhiwa Tanga, kwa sababu bwana mmoja wa tawi lile, mpenzi mkubwa wa taarabu, ndiye aliyeutia huko zamani, udi na fidla, na ofisi zote zikawa zinauazima kwake. Sanduku lilipozimwa, mteja aliyeambiwa asubiri alisikia kimya kitupu, akaamini kwamba amekatiwa, akaweka simu chini, kisha akapiga tena. Akasubirishwa tena, akakuta kimya, akaweka, akapiga. Meneja, ambaye huletewa hesabu ya simu zinazoingia kila Ijumaa, aliona idadi imepanda kwa namna isiyopata kuonekana, akatuita sote akatupongeza, na kwa kadiri nijuavyo ni siku ile tu ambayo tumepata kununuliwa halua kwa sababu ya hasira za wateja.

Kituko cha usiku kilikuwa na uchungu zaidi. Tanga kulikuwa na mlinzi, mzee wa makamo aliyepata kuwa baharia, ambaye hakusinzia zamuni na aliyekuwa na hati nzuri kuliko makarani wote, na kwa ajili hiyo iliamuliwa zamani kwamba ifikapo saa kumi na moja jioni simu zote za Mombasa zihamie kwake, naye aandike ujumbe wa mawakala wa meli katika daftari lake hadi asubuhi. Tawi lilipofungwa mzee alilipwa kiinua mgongo chake akaenda zake Pangani kulima minazi, ila amri ya saa kumi na moja haikustaafu pamoja naye. Kila jioni kontrola ya Mombasa, kwa uaminifu usio na kifani, ilichukua simu za watu wenye shehena bandarini ikazipeleka Tanga; Tanga hapakuwa na wa kupokea; simu zikarudishwa Mombasa; Mombasa ikatazama saa, ikaona ni usiku, ikakumbuka amri, ikazipeleka Tanga. Wakala mmoja wa meli alinieleza, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote, kwamba alikesha akipiga simu huku meli yake ikilipa gharama za gati.

Na Dar es Salaam nako, umeme ulikatika siku moja na betri ya akiba ikashindwa, na simu zilipoamka zikauliza saa ngapi. Zilikuwa zimefundishwa kuiuliza Tanga. Zilipokosa jibu zilijikadiria zenyewe, zikaandika katika vioo vyao kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mitambo mingi ya aina hii huanzia kuhesabu wakati. Ilikuwa siku njema kwa historia, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza ilikuwa hai, na shirika moja la posta na simu lilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania pasipo kugombania mipaka. Lakini haikuwa siku njema kwa biashara. Karani mmoja aliyelaumiwa kwamba hakumjibu mteja aliyempigia akiwa nje, alijitetea mbele ya wakubwa, akionyesha kioo cha simu yake kwa ushahidi, kwamba mteja huyo alipiga kabla yeye hajazaliwa.

Baada ya kuyajua haya, nilimwomba fundi aifute ile kontrola mara moja. Alijaribu mbele yangu. Mtambo wa Mombasa ulikataa, ukaandika kwamba kontrola ya Tanga haiwezi kufutwa kwa kuwa inatumika. Nilighadhibika, kwani gunia lilikuwa pale mlangoni na mguu wangu ulikuwa juu yake. "Inatumika na nani?" nikauliza. Fundi akasema, "Na kila anayeitegemea, mzee. Ni kama mirathi. Hatuwezi kurithisha kabla ya kulipa madeni."

Neno hilo lilinituliza kuliko maelezo yote ya umeme, maana kwa mwana wa pwani hakuna elimu iliyopangika kuliko ile ya mali ya marehemu: hutangulia gharama za mazishi, yakafuata madeni, ukafuata wasia usiozidi theluthi, na kilichobaki ndipo hugawiwa warithi. Tulifuata tartibu hiyo hiyo. Deni la kwanza lilikuwa muziki, ukahamishiwa Mombasa, na mimi kwa mamlaka niliyokuwa nayo nikakataa usibadilishwe. Deni la pili likawa zamu ya usiku, ambayo ilipewa simu ya mkononi ya kijana wa lango kuu. Hati yake ni mbaya, lakini yu hai. Yakafuata madeni madogo madogo: saa, njia za simu zilizokuwa zikitokea Tanga kwenda Arusha na Moshi kwa sababu zote tatu ziko chini ya msimbo mmoja wa 027 na mtu wa zamani aliona hapo pana kupunguza gharama, na simu kadhaa za Dar es Salaam ambazo zilikuwa zimeandikiwa kwamba kontrola yao ikiugua zikimbilie Tanga, zikapewa kimbilio la Mombasa.

Warithi ndio waliotaabisha. Bibi mmoja aliyehamishwa kutoka Tanga alikuwa na nambari ambayo wateja wa mkonge na wa chai waliihifadhi kwa moyo, akaapa kwamba hatapokea nyingine, na kwa haki yake alistahili kusikizwa. Lakini kila fundi alipotaka kuiandika nambari hiyo Dar es Salaam, mtambo ulijibu kuwa nambari hiyo ina mwenyewe, naye ni Tanga. Na alipotaka kuiondoa Tanga, ulijibu kuwa Tanga haipatikani kwa sasa, ajaribu baadaye. Bibi akawa anakaa mbele ya simu mpya isiyo na nambari, akiitazama kwa dharau, na kila mtu aliyepita alimwuliza kulikoni, naye akajibu kwamba anangoja marehemu atoe idhini.

Hatimaye fundi alitafuta lango la nyuma, akaisomesha Dar es Salaam na Mombasa kila moja peke yake, akamrithisha bibi nambari yake, kisha akaifuta kontrola ya Tanga katika daftari la Mombasa. Jina likatoweka, tukapeana mikono. Bahati mbaya ni kwamba saa ile ile intaneti ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika, hivyo daftari la kule halikupata habari. Na iliporejea alasiri, kontrola ya Dar es Salaam ililinganisha daftari lake na la Mombasa, ikaona kwamba Mombasa imepungukiwa na ndugu mmoja, na kwa wema wake ikamrudisha. Asubuhi yake Tanga ilikuwa imefufuka, na jina lake, na taa yake nyekundu ya kwamba haipatikani, na nakala zilizokwama zikaanza kujipanga upya. Fundi hakusema kitu. Aliagiza chai ya tangawizi, akainywa yote, kisha akavunja udugu wa kunakiliana baina ya mitambo miwili iliyobaki, akaifuta Tanga huku, akaifuta kule, akahakikisha kwa macho yake kwamba haimo popote, na baadaye tu ndipo akawarudishia udugu wao. Habari ya leseni, ambazo mtengenezaji alikuwa amezihesabu pamoja kwa mitambo mitatu na hakupenda kuzihesabu upya, siisemi, kwa kuwa ilimalizwa kwa barua, na barua hazichekeshi.

Ikabaki maiti yenyewe, iliyo ndani ya gunia. Mhasibu wetu alinieleza kwamba thamani yake vitabuni ilikwisha kuwa sifuri, lakini kitu chenye thamani ya sifuri hakitupwi wala hakiuzwi mpaka kamati ya mali iketi na kukubali kuwa ni sifuri. Na kamati ina wajumbe Mombasa na Dar es Salaam, ambao huketi kwa simu, kila mmoja akiwa ofisini kwake, kwa kupiga nambari ya chumba cha mkutano. Siku ya mkutano sote tulipiga. Hakuna aliyeingia. Fundi alipoulizwa alifungua kompyuta yake, akatazama kitambo, kisha akanambia, kwa sauti ya mtu anayetaka radhi kwa jambo ambalo si lake, kwamba chumba cha mkutano kilikuwa Tanga.

Meneja alikataa tungoje kijengwe kingine. Akaamuru wajumbe wa Mombasa wapande basi waende Dar es Salaam, nasi tukaenda, na mhasibu, mtu wa kupenda ushahidi, akashikilia kwamba mali inayojadiliwa sharti ionekane mbele ya kamati. Tulivuka mpaka Horohoro, ambako afisa wa forodha wa Tanzania alilifungua gunia, akatuuliza ni kitu gani, akaambiwa ni mtambo wa simu uliostaafu unaopelekwa kujadiliwa, akatutaka tulipe ushuru. Sisi mawakala wa forodha tulibishana naye kwa saa nzima kwa vifungu na ibara, tukimthibitishia kwamba thamani yake ni sifuri. Naye akatujibu kwamba jambo hilo litakuwa kweli kamati itakapokwisha kuketi. Tukalipa, tukachukua stakabadhi.